Mama Imma Hataki Kuonja Kwanza

Kasulu mjini, ukishapita soko, kuna kibanda cha cherehani cha Mansuri, na mbele yake kuna benchi. Mguu mmoja wa benchi hilo umeegemezwa kwa tofali, na ukiinuka bila kutoa taarifa mwenzako anakwenda chini. Hapo ndipo tunapoiendesha nchi kila asubuhi. Mansuri tunamwita Sentimita, maana hapimi nguo tu, anapima na mambo yasiyomhusu. Marcel tunamwita Redio, kwa kuwa betri zake haziishi. Mzee Haidari, mtu wa Ujiji, anatuuzia kahawa na kashata. Yeye na Sentimita hawagusi kilevi, ingawa nadharia za Sentimita zenyewe huwa zimelewa. Mimi naziba pancha za baiskeli pembeni, wananiita Solusheni, na kazi yangu kijiweni ni kucheka. Jumamosi moja ya mwaka 2014 akaja Melkiadi, tunayemwita Gavana kwa sababu ya tumbo, uso umemsawijika.

GAVANA: Mwakeye.

REDIO: Mwakeye, Gavana. Si leo wageni wa Mabamba, kule Kibondo, wanakuja na posa ya binti yako Imma? Mbona sura ya matanga?

GAVANA: Nimekuja kuazima benchi, viti havitoshi. Na nimekuja kuazima akili.

HAIDARI: Benchi lipo. Hilo la pili sikuhakikishii.

GAVANA: Mama Imma amegoma. Amekifunga chumba cha pombe, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kitenge. Anasema pombe tutapata, lakini yeye haonji.

Hapo hata mimi niliacha tairi. Kwetu Buha aliyepika pombe ndiye anayetia mdomo kwanza, wageni wakimwangalia, ili kila mtu aone hakuna kitu kibaya ndani. Asipoonja, hakuna mtu wa Mabamba atakayegusa mrija. Watakaa na kiu yao, watakohoa kidogo, watarudi Kibondo na posa yao mfukoni. Na Imma yule kijana anampenda, mtaa mzima tunajua.

SENTIMITA: Umemkosea nini shemeji?

GAVANA: Mimi sijamkosea. Ni ile karamu ya jana ya Evaline.

Evaline ni jirani yao, mhasibu wa shirika moja linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alitoka Arusha na chupa za mvinyo kwenye sanduku, akaalika kina mama wa mtaa waje kula chakula cha jioni na kuonja. Wanaume marufuku. Mama Imma alikuwa hajawahi kugusa mvinyo maishani. Aliokuwa anaujua ni ule anaokunywa padri peke yake altareni waumini wakimtazama.

REDIO: Wanawake tupu na mvinyo. Nilijua tu. Paka akiondoka, panya hutawala.

HAIDARI: Paka ni nani hapo?

REDIO: Mzee, hiyo ni methali, haina mwenyewe.

GAVANA: Nisikilizeni. Haya aliyasimulia jikoni kwa Imma, mimi niko nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku. Anasema waliletewa glasi za shingo ndefu, mvinyo wenyewe uko chini huko, kidogo kama dawa ya macho. Kwanza unauzungusha. Halafu unaunusa.

SENTIMITA: Unanusa nini na kiko kwenye glasi yako mwenyewe?

GAVANA: Sijui. Halafu Evaline akapiga funda, akausukutua mdomoni, akautema kwenye ndoo.

Mzee Haidari, ambaye pombe haimhusu, akaiweka birika chini.

HAIDARI: Mwenye pombe katema pombe yake?

GAVANA: Mbele ya wageni. Mama Imma akaweka glasi mezani. Theodosia wa kwaya naye akaweka. Mkunga wa mtaa akaanza kusali kwa sauti. Wakamwangalia Evaline kama mchawi aliyeingia kwa mlango wa mbele.

REDIO: Mimi ningepita dirishani.

GAVANA: Evaline akajitetea, eti mvinyo ndivyo unavyoonjwa, unatema ili usilewe. Mama Imma akamwambia, binti, huku kwetu mwenye pombe hatemi. Meza tukuone. Akameza. Wakasema, hiyo ilikuwa chupa hii, na ile nyingine je? Akameza ya ile nyingine. Kila chupa iliyofunguliwa, glasi nzima, wamemkodolea macho. Kufikia chupa ya mwisho Evaline alikuwa juu ya kiti anaimba nyimbo za harusi za Kimeru, na kina mama wanampigia makofi.

Nilicheka mpaka nikaangusha pampu. Gavana hakucheka.

GAVANA: Shida ilianza katikati. Evaline kabla hajapanda kitini alikuwa anawauliza mmoja mmoja: mama, unasikia ladha gani? Ikafika zamu ya Mama Imma. Akasema, nasikia moshi kwa mbali, nasikia ndizi iliyolala siku moja zaidi kwenye shimo la kuivishia, na mwishoni nasikia kama nimelamba kisu. Wote wanamsikiliza. Evaline akamwambia endelea, mama. Akaendelea. Anamwambia Imma, nimeongea mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyenituma maji. Anasema, nilikunywa nimekaa.

SENTIMITA: Sasa kosa lako liko wapi hapo?

GAVANA: Asubuhi namwambia nipe ufunguo nikaikague pombe. Akaniuliza, Baba Imma, pombe yangu ina ladha gani? Nikamwambia, nzuri. Akasema, nzuri siyo ladha, hata sabuni ni nzuri. Mpaka niseme ndipo ataonja. Na watu wa Mabamba wanafika alasiri.

REDIO: Umefanya vizuri kukausha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

HAIDARI: Marcel, hiyo husemwa kwa aliyesifiwa akazidisha. Huyu mama hajasifiwa tangu aolewe.

REDIO: Ndiyo maana pombe yake haina maji.

Hoja ilikuwa imekamilika, tukanyweshana kahawa. Lakini Sentimita hawezi kuona hoja imekamilika asiichane.

SENTIMITA: Tatizo ni mvinyo wenyewe. Ulimi wa mwanamke una mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Pombe ya ndizi inaupita juu juu. Mvinyo unauzibua. Ndiyo maana karamu ilikuwa ya wanawake. Leo kauliza ladha, kesho atakuuliza ile zawadi uliyoahidi wakati wa uchumba.

GAVANA: Ameshaiuliza.

SENTIMITA: Umeona. Mshipa umezibuka.

REDIO: Acha fiksi, Sentimita. Mimi nawapa taarifa kamili. Wazungu wanatafuta mafuta Ziwa Tanganyika, ndiyo au siyo?

SENTIMITA: Ndiyo.

REDIO: Mashine zao zimechemsha. Sasa wanatafuta ndimi. Wanazunguka na chupa, wanaonjesha kina mama, wanapima nani anasikia vitu vya chini ya ardhi. Shemeji kasema anasikia kisu. Kisu ni nini? Chuma. Ulimi wake umefaulu. Mwezi ujao watamchukua kwa gari mpaka pori la Kagerankanda, watamlambisha udongo, na pale atakaposema hapa, wanachimba. Gavana, wewe ni mume wa mtambo.

Gavana akalitazama tumbo lake, nadhani akijiona mume wa mtambo. Kwa kitambo kidogo alipendeza.

GAVANA: Sasa mtambo wenyewe si umegoma? Nisaidieni jibu. Solusheni, wewe umeinywa hiyo pombe miaka yote. Ina ladha gani?

Mimi sikuwa nimejiandaa. Nilifumba macho nikaitafuta. Niliona mtungi, niliona mirija, nilijiona nimelala kwenye mtaro wa Mansuri. Ladha sikuiona.

MIMI: Inalevya.

GAVANA: Hiyo ni kazi yake. Ladha.

MIMI: Ina... mtama.

GAVANA: Kila pombe ya ndizi ina mtama. Redio?

REDIO: Ina ubaridi fulani hivi. Ubaridi wa kifamilia.

Niliona aibu, nasema kweli. Pombe ya yule mama nimelia nayo misibani na nimeruka nayo harusini, na sikuweza kuisemea maneno mawili ambayo nisingeyasema kuhusu ya jirani.

Gavana alishika kijiti, akaanza kuchora chini kwenye vumbi, maana alikuwa bado anahitaji kujua benchi litaenea wapi. Wakati huo akafika Mwalimu Japhet, aliyehamishiwa huku kutoka Singida muhula ule, kuulizia suruali yake. Alisalimia, akapewa kikombe, akainama kutazama vumbi.

JAPHET: Samahani, Mzee Melkiadi. Hii ni nini?

GAVANA: Mpangilio wa wageni, mwalimu. Hapa mshenga. Hapa baba wa kijana na wajomba zake. Hapa mimi na ndugu zangu. Benchi hili linakuja huku, wanakaa hawa wahuni. Mtungi katikati.

JAPHET: Na hiyo pombe kapika nani?

GAVANA: Mke wangu.

JAPHET: Yeye anakaa wapi?

Sentimita akaikunja tepu yake na kuikunjua. Gavana alikishika kijiti juu ya mchoro, akakipeleka upande wa mshenga, akakirudisha, akakipeleka kwa wajomba, kikabaki hewani.

GAVANA: Yeye huwa anakuja, anaonja, halafu...

Tulisubiri hiyo halafu yake. Mzee Haidari aliinamisha birika kwenye kikombe cha mwalimu, yakatoka mashapo tu.

HAIDARI: Kahawa imekwisha, waheshimiwa.

Gavana akaufuta mchoro wote kwa kandambili.

GAVANA: Inukeni.

Niliinuka, Redio akainuka, na Sentimita, ambaye hakupewa taarifa, akaenda chini. Gavana alijitwisha benchi kichwani, tofali akaliacha.

REDIO: Gavana, na ladha je? Utamwambia nini?

GAVANA: Nikishamkalisha nitamuuliza yeye.

Akashika njia ya kwake, miguu ya benchi ikitazama juu. Sisi tukabaki tumesimama na vikombe vitupu, na Sentimita, bado yuko chini anajipangusa, akamwambia mwalimu suruali haijawa tayari.