Leo Sitaanguka

Ndugu zangu, mlioketi viti vya mbele, msivute miguu. Leo sitaanguka.

Mnacheka kwa sababu mnanijua. Wageni hawanijui, kwa hiyo nianze mwanzo. Mimi ni mtoto wa Kisaju. Miaka ya tisini, Kitengela ikiwa bado na nyasi nyingi kuliko mabati, watu wa filamu walikuja kupiga hema mbugani kwetu. Walitafuta kijana wa kuigiza mchungaji. Si shujaa wa filamu, la. Ni rafiki wa shujaa, yule anayeuawa na wezi wa ng'ombe katikati ya hadithi ili shujaa apate sababu ya kulia. Nikachaguliwa kwa kuwa ng'ombe walinifuata bila fimbo.

Mchungaji huyo alikuwa na jina lake kwenye karatasi. Shida ni kwamba walipoliita, mimi sikugeuka. Nani hugeuka akiitwa jina la mwenzake? Mara tatu, mara nne, mkanda unaharibika bure. Mwongozaji akachoka, akaniambia nitumie jina langu tu. Nikafurahi. Nawaambia, sikujua nimetoa nini.

Filamu ilipokamilika, nilimpeleka mama kuitazama kwenye ukumbi wa video pale Kitengela. Alivaa shanga zake zote, akaketi mbele kabisa. Akaniona nikichomwa mkuki. Akaniona nikifunikwa kwa mawe. Kisha mke wangu wa filamu akapiga magoti, akalia kwa jina langu, lile alilonipa yeye mama. Mama akasimama, akatoka.

Niwaeleze ndugu zetu mliotoka kwingine: kwetu Wamaasai, mtu akifa, jina lake halitajwi tena. Nilimfuata nje nikamwambia, yeyo, mama yangu, ule ni mchezo, niko hapa, nishike mkono. Akanishika.

"Najua uko hai, mwanangu," akasema. "Lakini jina limeliliwa, limezikwa. Nitalitoa wapi?"

Tangu siku hiyo nikawa "wewe". Maziwa nilipewa, baraka nilipewa, jina sikupewa. Majirani wakafuata. Wazazi wa msichana niliyemposa wakasema, kwa upole, kwamba hawataweza kuwaambia watu binti yao ameolewa na nani.

Nikahamia baa za Kitengela. Huko watu walikuwa wa kila kabila, walioiona filamu wakaipenda, na wakanipa jina jipya: Marehemu. "Marehemu, hebu kufa kidogo tuone." Nami nakufa. Nashika kifua, nageuza macho, naanguka chali. Wanapiga makofi, wananinunulia kinywaji. Nilikufa asubuhi, nikafa mchana. Siku za soko nilikwenda kufa Kisaju, kati ya mbuzi, huku mama yangu akiuza maziwa upande wa pili. Kila nilipoanguka, aligeuza uso. Nilimwona, nikaendelea. Ndugu zangu, hilo ndilo ninaloona aibu kulisema kuliko yote.

Siku moja malaria ilinikuta na tumbo tupu na pombe ya siku tatu. Jua la Kisaju likazunguka, nikaanguka kweli. Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema leo Marehemu amejitahidi.

Aliyenusa ukweli ni mama mmoja Msomali, muuza vitambaa. Nilisimuliwa baadaye kwamba alisukuma watu akisema, "Acheni makofi. Huyu kila siku huchagua mahali pasafi. Leo ameangukia mavi ya mbuzi."

Na ni kweli. Kwa pombe yote ile, sikuwahi kufa mahali pachafu.

Makofi yakakatika. Ndipo mama akageuka. Akaacha kibuyu cha maziwa kikimwagika, akaja mbio, akaita. Akaniita jina langu. Aliliita kama mtu anavyomwita ng'ombe anayekaribia korongo, mara moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa mbali, ndugu zangu, mahali penye baridi. Lakini jina hilo nililijua. Nikageuka. Nikaitika.

Nilikaa zahanati siku tisa. Niliporudi, akina mama wa boma walikuwa wameshashauriana: jina lililomtoa mtu kwenye mavi ya mbuzi haliwezi kuwa la maiti. Wakaninyoa nywele, wakaninywesha maziwa, kisha wakapanga mstari, wakaniita mmoja baada ya mwingine, nami nikamwitikia kila mmoja mpaka sauti ikakauka. Walicheka, walilia, wakaimba.

Namshukuru yule mama wa vitambaa. Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki, mlionifundisha kukaa siku nzima bila glasi. Namshukuru huyo anayecheka pale nyuma na mtoto mgongoni. Wazazi wake siku hizi wanajua jina la mkwe wao. Neno langu kwenu ni dogo: yapimeni makofi. Mengine hupigwa ili usiinuke.

Sasa nawafundisha vijana wa kanisa michezo ya kuigiza, na sheria ni moja: hakuna anayekufa kwa jina lake mwenyewe.

Na mama, mnamwona pale na shanga zake? Kila asubuhi husimama mlangoni akaniita kwa sauti mpaka mbwa wa jirani wabweke. Naitika, naja mbio, namuuliza anataka nini.

"Sitaki kitu," husema. "Rudi kwa kazi yako."