Gari ya Mathew Inauzwa Leo

Ukitoka forodha ya Malaba, malori yakikuzidi, kata kushoto pale fundi wa tairi ametundika tairi bovu badala ya bango. Hapo utatuona. Kijiwe chetu ni ubao juu ya mawe, na mbele yake, kila siku ya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni, imesimama gari ya Mathew, gari ndogo iliyozaliwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Kahawa ya tangawizi ni ya Eucabeth, ambaye hana jina la utani kwa sababu ukimpa atakunyima sukari. Mimi ni Mwenyekiti. Sikupigiwa kura na mtu, nilifika tu wa kwanza. Kazi yangu ni kubadilisha pesa za Kenya na za Uganda, na kazi ikilala mimi naongea. Mzee Oluka alistaafu kutoka reli, tunamwita Injini kwa sababu akianza kusema hajui kukata kona. Emong ni wa boda, anaitwa Panya kwa sababu ya njia anazozijua, na zaidi ya hapo sisemi. Mathew mwenyewe ni Forodha. Anashughulikia makaratasi ya mizigo, kutwa anakimbia kwa miguu kati ya lori na ofisi, ofisi na lori. Siku hiyo hakukimbia. Alikaa na kikombe mkononi, kahawa ikapoa, naye anaitazama tu.

— Forodha, kahawa imekukosea nini? nikamuuliza.

— Nauza gari, akasema. Kuna mama anatoka Tororo kuiangalia. Yuko njiani.

Emong alimeza mandazi bila kutafuna. Mzee Oluka akavua kofia.

— Nani amekufa? mzee akauliza.

— Hakuna mtu amekufa, mzee. Ni Mama Quinton anahama.

Mama Quinton ni Mercyline, mke wa Mathew, mwalimu kule Sigalame. Hawa watu wanaishi Busia mjini kwa akili: mume anakuja kazi upande huu wa Malaba, mke anaenda upande ule wa Sigalame, jioni wanakutana katikati na watoto. Tulikuwa tunawasifu. Tulisema hata serikali haijawahi kupanga kitu vizuri hivyo.

— Kwani mmegombana? Eucabeth akauliza. Yeye huuliza wazi.

— Hapana. Wamempandisha cheo, ni naibu wa mwalimu mkuu sasa. Lazima afike shule kabla ya watoto na atoke wa mwisho. Ile barabara ya ndani mnaijua. Mvua ikinyesha matatu zinakataa kuingia, ni boda tu, tena boda ya kuomba Mungu. Juzi ilimwangusha kwa tope na madaftari ya darasa zima. Akaja nyumbani amepakwa matope mpaka kwa nyusi, akakaa chini, akasema, Baba Quinton, mimi nimechoka. Shule imempa nyumba. Jumatatu anaingia, yeye na watoto wote wawili.

— Na wewe?

— Mimi nabaki Busia na masufuria.

Aki nilimhurumia. Mathew ni mtu wa kurudi nyumbani. Kuna watu hapa mpakani wana nyumba huku na nyumba kule, lakini Mathew jua likianza kushuka huanza kutafuta funguo kama mtu anayeitwa.

— Sasa sikieni, akasema. Nikiuza hii gari, napata ya kukodi nyumba Funyula, karibu na shule, tunakaa wote. Lakini bosi wangu amesema ejenti hana gari hatatumwa kwa wateja wakubwa. Kwa hivyo nikiweka gari, kazi inabaki, familia inaenda. Nikiuza, familia inabaki, kazi inaenda. Nyinyi wazee wangu, nifanye nini?

Swali lilikuwa zuri. Shida ni kwamba alituuliza sisi.

— Hiyo gari huwezi kuuza, akaanza Mzee Oluka. Gari ni ng'ombe.

— Ng'ombe aje, mzee?

— Sisi hatuweki ng'ombe wote kwa boma moja. Unampa rafiki mmoja akufugie. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia kwako, bado uko na mali kwake. Sasa peleka hiyo gari Chakol kwa ndugu yangu Ekisa, akufugie.

— Afuge gari? Emong akauliza.

— Afuge! Asubuhi anaikamua kidogo, anaenda nayo soko. Wewe Forodha ukiikumbuka, unaenda kuiona, unaipapasa, unarudi.

— Na ndama? nikamuuliza.

Mzee alifikiri sana.

— Ndama ni heshima, akasema.

— Heshima haitamfikisha Mama Quinton Sigalame, Mathew akasema.

— Kijana, akiba haiozi.

— Lakini inashika kutu, Eucabeth akasema akimimina kahawa.

— Mama, kutu si kuoza. Mimi nimefanya reli. Najua kutu.

Emong akaona nafasi yake.

— Buda, uza. Uza leo. Halafu nunua pikipiki. Moja yako, moja ya madam, moja ya watoto.

— Quinton yuko darasa la pili!

— Aanze na mteremko. Mimi nitamfunza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo imeingia wapi sasa?

— Si mekanika kila siku analala chini ya gari yako? Huo ndio mvungu wanasema. Pikipiki hakuna kulala, unachuchumaa tu, unaona kila kitu.

— Mke wangu ametoka kuangushwa na pikipiki, Panya! Madaftari yote yalilowa!

— Ya mtu mwingine. Yake haiwezi kumwangusha, itamjua.

Hapo nikaona kikao kinaharibika, nikapiga ubao. Mwenyekiti lazima alete hekima.

— Sikieni mimi. Malaba iko mbali na Sigalame. Katikati kuna nini? Kuna Busia, na ukisonga kidogo kuna Matayos. Forodha, nunua kiploti Matayos. Ingiza gari katikati ya kiploti. Halafu jenga nyumba kuizunguka.

— Kuizunguka?

— Kabisa. Viti vya mbele ni sebule. Viti vya nyuma, watoto. Redio iko tayari, taa iko tayari. Gari umeweka, nyumba umepata, na bosi akiuliza kama uko na gari, haudanganyi.

— Na mlango utatoka wapi?

— Wa gari ama wa nyumba?

— Usiache mbachao kwa msala upitao, akasema Mzee Oluka kwa uchungu.

— Mzee, mbachao ni nini?

— Ni kitu cha kutoacha.

Mathew alikuwa amefunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni yote mawili.

— Na hata nikiiweka, petroli si shida, akasema. Shida ni Jumamosi. Jumamosi hii gari ni ya ukoo. Matanga Butula, matanga Nambale, matanga hadi kwa watu siwajui. Ndugu yangu Oundo anaichukua na tenki imejaa, anairudisha na mchanga wa kaburi kwa mkeka. Nani anaweza kukataa msiba? Unamwambia mtu nini, marehemu apande boda?

Emong akasimama kabisa. Macho yalikuwa yanawaka.

— Namba ya Uganda!

— Nini?

— Weka gari namba ya Uganda. Iwe inaingia Kenya kama mgeni. Sasa Oundo akikuja Jumamosi, unamwambia pole ndugu, hii ni mgeni. Umeona mgeni akitumwa matanga? Mgeni anaketi, anapewa chai.

— Lakini siku ya tatu mgeni anapewa jembe, nikamkumbusha.

— Ndiyo maana siku ya pili jioni inarudi Uganda kupumzika! Siku inayofuata inaingia tena, ni mgeni mpya. Iko njia mimi naijua...

— Panya, funga mdomo, kuna askari anakunywa kahawa pale, Eucabeth akasema.

— Hakuna njia naijua, Emong akasema kwa sauti, akakaa.

Mzee Oluka alikuwa ameinama anachora kwa vumbi na fimbo. Alichora mstari mrefu, akauwekea vijiti vya kukatiza, na mimi moyo ukaniambia, mungu wangu, Injini ameondoka stesheni.

— Malaba iko na reli, akasema. Sigalame haina. Hapo ndipo kosa lilitokea.

— Mzee...

— Reli itoke hapa. Ishuke Chakol, ipite Busia nyuma ya soko, igonge Matayos, iende moja kwa moja Sigalame. Kituo cha mwisho, mlango wa darasa la Mama Quinton. Anashuka na chaki mkononi. Boda hawamwoni tena.

— Itajengwa lini, mzee?

— Forodha akianza kuandika barua leo...

— Anahama Jumatatu!

— Basi aandike haraka.

Hapo ndipo pikapu ya namba ya Uganda ilipoingia kwa vumbi letu na kufuta reli yote. Iliendeshwa na mama mmoja mnene, kitenge cha kijani, peke yake, mkono mmoja dirishani. Akashuka, akatazama ubao, akatutazama sisi.

— Yoga, akasalimu kwa Kiteso.

— Yoga noi, mama, Mzee Oluka akajibu, akarudisha kofia.

— Mimi naitwa Among. Mwenye gari ni nani?

Mathew akainua mkono kama mtoto wa shule. Mama Among hakupoteza wakati. Alifungua mlango wa mbele, akakuta simu ya Emong, simu yangu na simu ya fundi wa tairi, zote zinachaji. Akafungua wa nyuma, akakuta koti la Mzee Oluka, mto wake wa kulalia, na dawa yake ya mgongo. Akafungua buti. Humo mlikuwa na vikombe vya Eucabeth, sukari ya Eucabeth, jiko la akiba la Eucabeth na ubao wetu wa drafti.

— Sebo, bwana, hii ni gari ama ni kibanda?

— Ni gari, mama, Mathew akasema. Injini yake ni nzima kabisa.

— Naona. Haijachoka. Gari ya kazi huwa inachoka. Unauza kwa nini?

Mathew akamweleza yote: mke, cheo, Sigalame, tope, bosi, Jumatatu. Sisi tukamsaidia pale alipopunguza. Mama Among alisikiliza akipangusa kioo kwa ncha ya kitenge. Tulipomaliza, akamuuliza Mathew kwa upole sana, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

— Na huyo mama, anajua kuendesha?

— Anajua, Mathew akasema. Alipata leseni kabla yangu. Hata mimi ni yeye alinifunza, uwanja wa shule.

— Sasa?

Hiyo tu. Sasa.

Nilimtazama Emong. Emong alimtazama Mzee Oluka. Mzee Oluka alitafuta reli yake kwa vumbi, haikuwepo. Eucabeth alikuwa ameshika birika hewani hamimini. Mathew akaanza kujitetea.

— Mimi ndiye... Gari ni ya... Bosi alisema ejenti...

— Wateja wako wanakuonea wapi? Eucabeth akauliza taratibu.

— Kwa simu, Mathew akasema. Wako Mombasa. Wengine Kampala.

Na kuja Malaba, jamani? Barabara ya Busia kuja huku imejaa magari mpaka unayafukuza. Dereva wa lori gani hamjui Forodha? Kila mmoja angempa kiti, na mua wa kutafuna juu yake. Mtu amekuwa akipita na gari tupu kwenye lami, aje aiegeshe hapa itupe kivuli, na mwenye leseni ya kwanza anaanguka kwa tope na madaftari. Sisi tunakaa hapa kila siku. Tulikuwa tumejenga nyumba Matayos, tumevusha mpaka, tumevuta reli. Hilo hatukulifikia. Nilisikia aibu, na sikuipenda.

Mathew alinyoosha mkono dirishani, akatoa simu yangu, akanipa. Akatoa ya Emong, na ya fundi. Akamletea Mzee Oluka koti, mto na dawa, akavishika kwa mikono miwili kwa heshima. Eucabeth alishatoa vikombe vyake mwenyewe.

— Mama, samahani, akamwambia Mama Among. Nimekusumbua bure.

— Hujanisumbua, sebo. Nipatieni kahawa.

— Imekwisha, Eucabeth akasema, akageuza birika juu chini tuone.

Mathew akapiga simu pale pale, mbele yetu, kwa spika, kwa sababu kwa haraka alibonyeza vibaya.

— Mama Quinton, uko darasani?

— Ni mapumziko. Kuna nini?

— Leo jioni usipande boda. Nakuletea gari.

— Unakuja kunichukua?

— Hapana. Nakuletea. Ikae na wewe, usihame. Utanipeleka nyumbani, na kesho asubuhi utaniacha steji niende zangu Malaba.

Upande ule watoto walikuwa wanapiga kelele kwa uwanja. Tukangoja. Hata fundi wa tairi aliacha nyundo.

— Mathew, akasema mwishowe, nayo sauti haikuwa ya naibu mwalimu mkuu hata kidogo. Umekunywa nini leo?

— Kahawa tu.

— Kunywa tena kesho, akasema, akakata.