Kipengele cha Mama Irene

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Leokadia Kemilembe, ambaye wengi wetu hatujawahi kumwita kwa jina hilo bali Mama Irene, atakabidhi funguo za dawati la usajili wa wauguzi na kustaafu, baada ya kulitumikia Shirika la Kitunzo kwa miaka ishirini na minne. Kamati ya hafla imeomba wasifu mfupi. Ufupi una ugumu wake hapa, kwa kuwa kazi ya Mama Irene ilikuwa ndefu kwa asili, na sehemu kubwa ya thamani yake imo katika kusubiri.

Alizaliwa Bukoba, akasomea ukarani wa hospitali, akaja Marekani mwaka 1998 pamoja na mumewe, Respicius, aliyekuwa dereva ubalozini. Mwaka 2001 Kitunzo ilimwajiri kuwa mhudumu wa wazee katika kituo chetu cha Lanham: kuogesha, kulisha, kugeuza wagonjwa kitandani wasipate vidonda. Wazee wa enzi hizo wametangulia, lakini watoto wao bado huulizia habari za yule mama aliyewaimbia wazazi wao nyimbo za Kihaya wakati wa kuwakata kucha, bila kujali kama wanazielewa. Shirika lilipoanza kuajiri wauguzi kutoka nje, alihamishiwa ofisi ya Silver Spring, juu ya duka la vyakula vya nyumbani, ambako harufu ya dagaa hupanda kila asubuhi hadi kwenye majalada ya waombaji. Mara mbili alipewa nafasi ya kuhamia ofisi nzuri zaidi ya Arlington. Mara zote mbili alikataa, kwa maelezo kwamba huko hakuna dagaa.

Walio nje ya dawati lile hudhani kwamba kumsajili muuguzi mgeni ni kukusanya vyeti. Mama Irene aliliona kuwa ni suala la mpangilio. Muuguzi kutoka Ufilipino, na hao ndio waliokuja kuwa wengi katika majalada yake, anahitaji leseni hai ya kwao. Rekodi za masomo na za mafunzo ya wodini, zilizotumwa na chuo chenyewe wala si kwa mkono wake. Tathmini ya elimu hiyo. Mtihani wa leseni wa hapa. Uthibitisho wa Kiingereza. Na hatimaye viza, ambayo nayo hutegemea uchunguzi wa afya. Baadhi ya hivi havizeeki. Vingine huanza kufa siku ile ile vinapotolewa. Kosa la mwombaji mwenye bidii ni kuanza na mtihani wa Kiingereza, kwa sababu ndio ulio mikononi mwake. Chuo kinapokuja kujibu, matokeo yamekwisha muda. Kanuni ya Mama Irene ilitoka jikoni: maharage hutangulia, mchicha huja mwisho. Na wauguzi walipolalamika kwamba wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, hivyo wathibitishe nini tena, aliwaambia kwamba yeye humsemesha binti yake Kiswahili kila siku na kila siku hujibiwa kwa Kiingereza. Kama ni kuthibitisha, angempeleka Irene akawafanyie wote.

Kanuni hiyo ilikuwa sahihi, ila haikuwa kamili. Kisa kilichoonyesha pengo lake ndicho kitakachochukua nafasi kubwa ya wasifu huu, na ni yeye mwenyewe aliyesisitiza kisiachwe.

Mwaka 2022 tulimpa nafasi Bi. Marivic Dumlao, muuguzi wa wagonjwa mahututi kutoka Iloilo. Wenzake wengi walikuwa wamekuja kupitia mawakala wa Manila, ambao humaliza taratibu za huko bila sisi kuziona. Marivic alikuja moja kwa moja, kwa kupendekezwa na binamu yake wa Lanham. Viza ilipotoka mwezi wa kumi, aliandika kuuliza kama kuna lililobaki kwa upande wa nchi yake. Mama Irene alimjibu kwamba viza ndiyo mwisho; akate tiketi.

Ni kosa ambalo ofisi ya watu wa Afrika Mashariki ingelifanya kwa urahisi kuliko ofisi nyingine yoyote. Kwetu viza ndiyo mlango. Ikishatoka, kinachobaki ni sala ya shukrani, picha za uwanja wa ndege na shangazi anayelia kuliko mama mzazi. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuulizwa na nchi yake, wakati wa kuondoka, ni nani atakayemwangalia huko aendako. Ufilipino huuliza. Huutaka mkataba wa kazi uhakikiwe kwanza na maofisa wake wa kazi walioko nchi ya mwajiri, ndipo hutoa kibali cha kuondoka. Marivic alikuwa na wasiwasi huo ndiyo maana akauliza. Lakini alipojibiwa na mtu mzima mwenye uhakika, hakuuliza mara ya pili. Heshima ya namna hiyo tunaifahamu sana.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, ndugu yetu Cheruiyot, dereva wa shirika, alikwenda Dulles na bango la jina na koti zito la kike. Mama Irene alikuwa anatoka kanisani simu ilipolia.

"Mama Irene, mgeni wako ako wapi? Watu wameisha. Hata wale wa kutafuta mabegi wameenda."

"Simama hapo hapo, mwanangu, usiondoke."

"Nimesimama mpaka askari ameniuliza kama ni mimi nimepotea."

Ujumbe wa Marivic ulikuwa umekwisha kufika tangu jana yake, kwenye barua pepe ya ofisi, ambayo ilikuwa imefungwa kwa wikendi. Alikuwa amerudishwa uwanjani Manila kwa kukosa kibali. Hali yake ilikuwa hivi: kazi ya Iloilo alikwisha kuiacha, nyumba alikwisha kuirudisha kwa mwenyewe, na viza yake ingekufa mwishoni mwa Januari pamoja na uchunguzi wa afya iliouegemea. Ikifa, angerudi kwenye foleni ambayo, tangu aipite, ilikuwa imerefuka kwa miaka.

Siku iliyofuata Mama Irene alipanda treni ya laini nyekundu kutoka Silver Spring hadi Dupont Circle, kwenye ofisi ya kazi iliyo chini ya ubalozi wao. Hakubadilisha hata treni. Mlango ambao hatukujua kwamba upo ulikuwa, muda wote huo, kwenye reli ile ile tunayoipanda kila siku. Alipokewa kwa adabu na kuelezwa kwamba mkataba wetu unafaa, isipokuwa unapungukiwa na kipengele kimoja: mfanyakazi akifariki akiwa kazini kwetu, mwajiri ndiye atakayegharimia kurudisha mwili na mali zake nyumbani. Alikisoma, kisha akaomba kiti.

Wenzetu wapya hawakumfahamu Vumilia. Alikuwa mhudumu wa Lanham, kijana wa Singida, mcheshi, na alifariki ghafla mwaka 2014. Mwili wake ulikaa mochwari wiki baada ya wiki huku bahasha za mchango zikizunguka makanisani na misikitini, Silver Spring hadi Arlington. Tulifanikiwa, kama tunavyofanikiwa kila mara, na tukajipongeza kwa umoja wetu. Lakini aliyekuwa akipokea simu ya mama yake Vumilia kila asubuhi, na kusikia swali lile lile, "Mmefikia wapi, mwanangu?", alikuwa Leokadia Kemilembe.

Kwa hiyo aliporudi ofisini hakuwa amebeba ombi la mtu mmoja. Mkurugenzi wetu, Bw. Kipngetich Mutai, alimsikiliza, akampigia mwanasheria, akarudi na jibu lililotarajiwa.

"Mama, anasema mikataba ya hapa haizungumzii maiti. Hata mimi naona ni kama tunamtakia mtu mabaya."

"Vumilia tulimtakia mema," alijibu. "Hatukuandika chochote, na alikufa vilevile."

"Lakini mwanasheria..."

"Mwambie mwanasheria aje Jumapili. Tutampa bahasha apitishe."

Bw. Mutai alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza la Vumilia hadi garini. Mkataba wa Marivic ulisainiwa wiki ile. Ndipo Mama Irene akaongeza kwamba kinachoandikwa kwa Mfilipino kiandikwe pia kwa kila aliyetoka mbali, akaanza kwa kumtaja Cheruiyot, aliyekuwa akipita koridoni na chai.

"Mama, hapana! Usinianzie mimi!" alisema Cheruiyot, na inasemekana hakumaliza chai hiyo.

Hofu yake haikuwa ya kudharauliwa. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kutaja kifo ni kukiita. Mjadala juu ya mikataba yetu sisi ulidumu hadi kiangazi kilichofuata, kwa vikao ambavyo havikuwa vyote vya upole. Hoja ya Mama Irene haikubadilika: kwamba ukarimu wa jamii ni jambo jema, lakini mfanyakazi hapaswi kuishi kwa kutegemea kwamba siku yake ya mwisho itaangukia kipindi ambacho watu hawajachoka kuchanga. Nchi nyingine ilikwisha kuligeuza tumaini hilo kuwa sharti. Sisi tulilichukua kwao, na haifai kujifanya kwamba tulilibuni. Leo kipengele hicho kimo katika mkataba wa kila mmoja wetu aliyetoka nje, kwa namba yake rasmi ambayo hakuna anayeikumbuka. Kila mtu hukiita kipengele cha Mama Irene.

Kuhusu Marivic, kibali kilitoka baada ya sikukuu, na alitua Dulles katikati ya Januari, theluji ikianguka, viza yake ikiwa bado hai. Cheruiyot alikuwa pale na Mama Irene, bango lile lile na koti lile lile. Marivic alimkumbatia Mama Irene akimwita "Tita", yaani shangazi kwa lugha ya kwao, na Cheruiyot, aliyekwisha kupata nguvu zake, akasema kwamba hatimaye amepatikana mtu wa kumwita Mama Irene mzigo wa kuni mbele ya uso wake, maana kwa Kiswahili tita ndilo hilo. Siku hizi Marivic ni msimamizi wa zamu Lanham.

Ipo alama nyingine ndogo iliyobaki kutokana na kisa hicho. Tangu siku ile ya Dupont Circle, Mama Irene alimfundisha kila mwombaji jambo moja kabla ya maharage na mchicha: "Ukiniuliza nikakujibu haraka, niulize tena." Ni agizo gumu kwa watu waliofunzwa kwamba mkubwa haulizwi mara mbili, na ni gumu zaidi kwa mkubwa kulitoa. Tunaopokea dawati lake tumeahidi kulitunza.

Mwezi wa nane Mama Irene anarudi Bukoba, kwenye nyumba ambayo yeye na Respicius waliijenga chumba baada ya chumba. Irene atamsindikiza, na huko, tunaarifiwa, hakutakuwa na mtu wa kujibiwa kwa Kiingereza. Mkataba wa Mama Irene unakoma tarehe 30 Juni, na pamoja nao kipengele chake, kikiwa hakijahitajika. Anakwenda kwa miguu yake, na tiketi ameishika mwenyewe.

Marivic amemuuliza kama maandalizi yote yamekamilika. Amemuuliza mara mbili.

Asante, Mama Irene, kwa wote uliowafungulia na kwa ule mlango uliotuonyesha sisi sote. Ufike salama, na maisha ya huko yawe mema na marefu.