Kicheko cha Marehemu Galea

Mgeni rasmi, Bi Philippa Strachan, mkurugenzi wa kampuni yenye hakimiliki ya mchezo wa kompyuta uitwao Kondoo Mkaidi, wanachama wenzetu, na majirani mliofuata harufu ya soseji:

KARIBU

Karibu mtaani kwetu Sunshine. Tulidhani utakuja na wanasheria, kumbe umekuja na keki. Tumefarijika mno.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu huokoa michezo ya kompyuta isiyouzwa tena na kuiweka mtandaoni, yeyote aicheze bure. Kondoo Mkaidi ulitungwa mtaa huuhuu na marehemu Charlie Galea, fundi wa reli, kwenye meza ya jikoni kwake.

TULICHOFANIKIWA

Disketi zake zote tulizikuta zimeota ukungu. Nakala pekee iliyopona ni ya wizi: zamani kijana mmoja aliivunja kinga ya kuzuia kunakili, akaandika mwanzoni, "Wazza alipita hapa." Wazza sasa ana upara, na ndiye yule anayekaanga soseji. Hatutetei wizi, ila bila yeye tungekuwa mikono mitupu.

KINACHOTUKWAZA

Mwezi Machi kampuni yako ilituamuru tuufute mchezo huu. Mwezi Mei kampuni hiyohiyo ikatuomba nakala, kwa kuwa nakala yao wenyewe haifunguki. Tulicheka, kisha tukaogopa. Sheria hulinda kazi miaka sabini baada ya mtunzi kufa. Disketi haivumilii hata nusu yake.

Carmen, binti wa marehemu, ameketi hapa mbele. Siku ya amri ile alitusihi:

"Jamani, futeni michezo yote, huu niachieni. Baba alikuwa anakimbia kamera, anakimbia vinasa sauti. Kicheko chake kimo humu tu. Kondoo akikushinda, baba anakucheka."

Mwenyekiti wetu, Bi Nguyen, akamtania, "Kumbe ndiyo maana hushindi, shoga yangu!"

"Sijashinda hata siku moja," akajibu Carmen, "na wala sina haraka."

OMBI LETU

Hatuombi fedha, wala hatuombi hakimiliki. Tunaomba ruhusa ya maandishi, mchezo ubaki mtandaoni hadi mtakapouuza tena. Siku hiyo tutauondoa wenyewe, na wa kwanza kwenye foleni ya wanunuzi tutakuwa sisi.

Mgeni rasmi, kompyuta imeshawashwa, na kiti chako ni kile kilicho karibu na Carmen. Mungu akujalie afya, wewe na wote unaofanya nao kazi. Wageni wengine huombewa ushindi. Wewe, kwa upendo wetu wote, tunakuombea ushindwe upesi, umsikie baba yake.

Ni sisi,
Waokoaji wa Michezo ya Kale, Sunshine.