Siku Tatu Bila Mkate

Ndani ya treni, fundi cherehani alijifanya amesinzia, kumbe masikio ameyatega kiti cha mbele. Pale mchumi wa serikali, anayechunguza kama viwanda viwili vya mikate viruhusiwe kuungana, alikuwa akipekua mkoba kutafuta kalamu. "Dada, hebu rudia." Mwenye duka la vyakula aliyeketi kando yake akarudia: "Gari la kiwanda kimoja liliharibika siku tatu. Wateja wake karibu wote wakahamia mkate wa kile kingine." Mchumi nusura asimame. "Miezi sita tunawauliza watu wangehamia wapi mkate wao ukikosekana, kumbe wewe umewaona wakihama!" "Basi waacheni waungane, kaka. Gari moja likiharibika, la pili litaleta; mkate hautakosekana tena."

Treni ikasimama. Mchumi hakuinuka. "Na wakishaungana wakapandisha bei, wateja wako watahamia wapi?" Fundi alikuwa ameshapitiliza kituo chake, naye akingoja jibu.