Agneta Mkawasi Mulama na Vyungu Vyake vya Mikindani

Mchungaji, ndugu, jamaa, majirani wa Mikindani, na nyinyi mlioondoka Mbololo kabla hakujapambazuka: asanteni kwa kufika. Mimi ni Lenox Mwakio, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake. Familia imeniomba niseme mazuri tu. Nimejaribu. Lakini kila aliyewahi kuingia nyumba ya dada yangu anajua kwamba huwezi kumsimulia Agneta bila kutaja maua, na huwezi kuyataja maua yake bila kukasirika kidogo.

Agneta Mkawasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mbololo, Taita, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Elijah Mwakio na Mama Ruth Mghoi, ambao wote wametangulia. Katika msitu wa kwetu, kwenye majabali yenye kivuli, huota kiua kidogo cha zambarau chenye majani ya manyoya kama sikio la paka. Ni jamaa wa ile viyoleti ya Kiafrika ambayo watu huinunua mjini na kuiweka dirishani. Siku moja utotoni mama alimtuma Agneta kuni, naye akarudi na kiua hicho pamoja na udongo wake, bila kuni. Akakipanda katika kikombe cha baba. Baba alikunywa chai kwa bakuli mpaka kikombe kingine kiliponunuliwa, na hakuna aliyethubutu kukigusa kile cha kwanza, maana Agneta alikuwa ameshatangaza kwamba majani yale hayataki kushikwa wala kudondoshewa maji, yakilowa yanapata madoa. Hata mama, aliyekuwa mkali, aliishia kuinamisha kibuyu na kumwagilia kutoka pembeni, huku akinung'unika.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akaenda sekondari Voi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1979. Alikuwa mwerevu na mbishi kwa kipimo kimoja. Mwaka 1981 alishuka Mombasa, akakaa kwa shangazi yetu Changamwe na kusomea ukarani na kupiga chapa.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao ikiwa Changamwe. Alianza kwa kupokea wageni na kupanda hadi karani mkuu, cheo alichostaafu nacho mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa safi na wakubwa wake walimheshimu, lakini pale mapokezini alikuwa ameweka anthuriamu kubwa, na mteja aliyekuja kuulizia kontena lake alisomeshwa kwanza. "Hilo jekundu linalong'aa si ua," angemwambia. "Hilo ni jani. Ua lenyewe ni hicho kijiti cha katikati." Siku moja meneja, mtu aliyeogopwa na jengo zima, alizima sigara ndani ya chungu kile. Agneta aliitoa sigara, akaifunga kwa karatasi, akaingia nayo ofisini kwake bila kubisha hodi. "Bwana, umesahau kitu chako." Kama alitoka salama humo ndani, ni kwa sababu hakuna mwingine aliyejua faili zilikuwa wapi.

Shemeji yetu Phineas Mulama, aliyekuwa dereva wa kreni bandarini, alimwona hapo hapo mapokezini. Ili kumpendeza alimnunulia shada la maua ya plastiki. Agneta aliyatazama, akayageuza, akamrudishia.

"Kwani yana makosa gani?" Phineas aliuliza.

"Hayafi. Kitu kisichokufa kinanihitaji kwa nini?"

Mwanamume mwingine angeondoka. Phineas alirudi wiki iliyofuata na begonia ndani ya kopo la maziwa, majani yakiwa yamepondeka kwa safari, na akapewa kiti. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987 kanisani Changamwe, wakaishi Magongo, kisha wakajenga hapa Mikindani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fidel na Lynnette.

Nyumba ile ya Mikindani mnaijua. Viti vinne, na viwili vilikuwa na maua. Kulikuwa na okidi ambayo hukaa na maua yake miezi miwili, kisha ikabaki kijiti kikavu nusu mwaka, na ole wako uulize kama imekufa. Haikupandwa kwenye udongo kama mimea ya watu wengine, la, ilitaka maganda ya mti na vipande vya makaa ili mizizi ipate hewa. Kulikuwa na kalankoe, yenye majani manene yanayoweka maji, ambayo haikubali kuchanua mpaka ipate giza refu. Kwa hiyo kila jioni Agneta aliifungia kabatini, na kila asubuhi Phineas alipotafuta shati alikutana na ua. Na kulikuwa na lili nyeupe, ile yenye majani mapana na ua moja kama kijiko. Lili hiyo ikikosa maji huanguka yote kama mtu aliyezirai, ukiipa maji inasimama tena kabla hujamaliza kupika. "Hii kitu ina madharau," Phineas alikuwa akisema. Maji ya mfereji Mikindani mnayajua yanavyokuja. Nimeshuhudia kwa macho yangu watu wa nyumba hiyo wakioga kwa kikombe huku maua yakinyweshwa vizuri.

Sasa nifike kwa Mama Samiha, kwa sababu ameketi hapa mbele na amenipa ruhusa.

Bi Mwanasaumu, mama yake Samiha, ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Kila asubuhi alikuwa akipika mahamri na mbaazi uani kwake. Mwaka 2017 okidi ya Agneta ilidondosha vitumba vyote kabla havijafunguka, na Agneta akasema ni moshi. Labda kweli ulikuwa moshi. Mmea ule ni mwepesi kudhurika. Lakini mtu wa kawaida huenda kwa jirani akasema. Dada yangu alichukua ndoo, akazunguka ukuta, akalimwagia maji jiko la Mama Samiha lililokuwa limeanza tu kukolea, unga wote ukiwa umeshaumuka. Siku hiyo mtaa haukula mahamri. Phineas alikwenda kuomba radhi, Lynnette akaenda, mimi nilisafiri kutoka Voi nikaenda. Mama Samiha alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akasema, "Nyinyi hamkunikosa. Alonikosa hajaja." Na hakwenda. Wanawake wawili wazima, ukuta mmoja, hawakusalimiana miaka na miaka. Samiha alipoolewa, Agneta alisikiliza taarabu akiwa jikoni kwake.

Mwaka 2022 kikohozi kilichokuwa kikimsumbua kilizidi, akalazwa. Daktari alituita mimi na Fidel akatueleza kwamba mapafu yalikuwa yanakakamaa, na hayarudi. Akauliza nyumba ikoje. Fidel akamwambia. Daktari akasema udongo wenye unyevu huota kuvu, na kuvu kwa mapafu kama yale ni hatari, kwa hiyo vyungu vyote vitoke ndani kabla mgonjwa hajarudi. Tulifanya hivyo. Fidel alimwita Karisa, mwenye mkokoteni, akampa vyungu vyote avigawe kwa washirika wa kanisa na majirani. Mpaka leo nasema hatukukosea.

Agneta alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, akaona viti vinne vitupu.

"Yako wapi?"

"Mama, daktari alisema," Fidel akaanza.

"Sikuuliza daktari alisema nini. Yako wapi?"

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi. Alikaa, akakataa chakula siku hiyo na ya pili, na siku ya tatu akavaa viatu. Mtu ambaye hakuweza kwenda msalani bila kupumzika njiani alimwita Karisa na mkokoteni wake, akatoka kwenda kuyafuata maua yake nyumba kwa nyumba. Nilimfuata nikiwa nimemshika mkono, nikimwambia dada, utakufa barabarani. Akanijibu kwamba nikiendelea kusema ataninunia, na atakufa akiwa ameninunia.

Kila nyumba alikagua. Mahali pamoja viyoleti ilikuwa imeanikwa juani, majani yamebabuka. Akaichukua na hakuaga. Mahali pengine okidi ilikuwa imezamishwa ndani ya ndoo. Sitarudia aliyoyasema, mwenye nyumba yupo hapa. Lakini penye ua lililotunzwa alilitazama kwa muda, akasema, "Hili libaki," na nilianza kuelewa kwamba hakuja kuchukua tu. Alikuja kuona.

Lili nyeupe ilikosekana. Karisa akajikuna kichwa. "Mama, ile niliiacha hapo kwa Mama Samiha. Nilidhani nyinyi ni majirani."

Alisimama nje ya mlango ule muda mrefu, akihema. Sijui alikuwa anatafuta pumzi au maneno. Nikabisha mimi. Mama Samiha alifungua, akatutazama.

"Nimefuata ua langu," Agneta akasema.

"Hata salamu, Mama Fidel? Miaka yote hini, na waja na hilo?"

"Habari yako, Mama Samiha."

"Njema. Njoo ndani ukae, waanguka."

Lili ilikuwa karibu na dirisha la sebuleni, penye mwanga usio na jua, imesimama na maua matatu. Kwa Agneta haikuwahi kutoa zaidi ya mawili. Dada yangu alitia kidole kwenye udongo. Akageuza majani akatazama chini. Alitafuta kosa mpaka nikaona aibu.

"Nani alikufundisha?"

"Anifundishe nani? Lilianguka lote, nikadhani nimeliua. Nikaona haya: utakuja kusema nimelipiza. Nikalipa maji, likainuka. Wallahi nilicheka peke yangu. Tangu hapo nalingoja mpaka lilegee kidogo, ndipo nalipa."

Agneta akacheka. Akaanza kukohoa, na kikohozi kikamshika mpaka akainama, na Mama Samiha akapiga magoti chini, akamshikilia mgongo, akampa maji kwa mkono wake. Kilipotulia, Agneta alisema bila kuinua uso, "Lile jiko. Nilikosea."

"Ulikosea sana."

"Nimesema nilikosea."

"Nimesikia. Na mimi nasema ulikosea sana."

Karisa akaita kutoka nje, "Mama, nipakie ama nisipakie?"

"Liache," Agneta akasema.

Kutoka siku hiyo sisi wengine tulikuwa wageni. Maua mengine yalirudi, ndiyo, licha ya maneno yote ya daktari. Fidel alipiga simu akigomba, akajibiwa, "Daktari alisema ndani. Hapa ni barazani." Mama Samiha ndiye aliyehamisha jiko lake upande wa pili, mbali na ukuta, bila kuombwa. Ndiye aliyekuwa akija asubuhi na uji, akimsomea Agneta makosa yake yote na kumsugua mgongo. Mwezi wa Machi 2024 Agneta alipozidiwa na Phineas hayupo, Mama Samiha alimbeba akisaidiana na Samiha hadi kwenye tuktuk, akamshikilia mapajani mpaka hospitali. Ule mwaka wa mwisho tulioupata, tuliupata kwa mikono yake.

Agneta alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 5 Februari 2025. Phineas alikuwa amemshika mkono. Mama Samiha aliingia na uji, na Agneta, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno, akafungua macho.

"Umeimwagilia tena ile lili?"

"Nimeipa kidogo tu."

"Nimekwambia usubiri."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Lynnette alisubiri mengine, ya baraka, ya kuwaaga watoto. Hayakuja. Niseme ukweli, nilikasirika naye hata hapo.

Marehemu ameacha mume wake, Phineas; watoto wake, Fidel wa Athi River na Lynnette, mwalimu huko Mishomoroni; wajukuu watatu; na mimi mdogo wake. Jana nilipokuwa nikiandika sehemu hii nilimwuliza Mama Samiha kama nimweke hapa na nimwandike vipi. Nikamsomea: "na jirani yake mpendwa." Akaweka chini bakuli alilokuwa akiosha.

"Jirani ni mtu wa kuazimana chumvi," akasema. "Mimi nimemuosha mtu huyu. Andika vizuri."

Kwa hiyo nasoma nilivyoagizwa. Ameacha pia dada yake, Mwanasaumu.

Mungu wa rehema ampokee Agneta wetu, ampe pumzi isiyokatika, na amvumilie.