Mwalimu Narudi, Aliyeagwa Mara Nne

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga. Bibi yetu alikuwa akisema huyu alizaliwa analia kwa sauti ya kuamrisha, na waliokuwamo chumbani wakanyamaza wote. Wengi mlioketi darasani kwake mtakubali kwamba sauti ile haikubadilika sana.

Alianza shule mwaka 1973. Hesabu alijifunzia kwenye karakana ya baba yake, akipima mbao na kumsahihisha mzee mbele ya wateja, jambo lililomletea sifa na makofi kwa pamoja. Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1988 kwa cheti cha daraja la kwanza.

Tarehe 7 Mei 1990 aliitwa na shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kushikilia darasa la mwalimu aliyekwenda kujifungua. Aliambiwa ni kazi ya miezi mitatu. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa ni mwalimu katika shule hiyo hiyo, naye yupo nasi hapa. Marehemu alifundisha pale miaka thelathini na mitatu, na siku zote alikuwa mwalimu wa mkataba. Aliomba ajira ya kudumu kila nafasi ilipotokea, akaambiwa asubiri. Hilo linatuuma, na tumeona tuliseme hapa badala ya kulipamba.

Kila Desemba mkataba ulikwisha, na hakuna aliyejua kama utakuwapo mwingine. Mara nne aliambiwa waziwazi kwamba basi. Kila mara walimu wenzake, kwa upendo wao, walimfanyia sherehe ya kumuaga: keki, soda, hotuba, machozi, na zawadi ya saa ya ukutani. Januari ikifika, darasa la nne halina mtu wa hesabu, simu inalia, naye anarudi. Ndipo wakambandika jina la Mwalimu Narudi. Baada ya saa ya tatu, baba yetu alimwambia, "Mama watoto, safari hii waambie watupe sufuria." Haikusaidia, ya nne ikaja, kubwa kuliko zote. Zote zinaning'inia sebuleni na hakuna mbili zinazokubaliana.

Likizo nzima alikuwa akiandaa masomo ya muhula ambao hakujua kama ni wake. Baba akimuuliza, "Nani kakwambia utaitwa?" alimjibu bila kuinua kichwa, "Wanafunzi watakuja hata nisipoitwa mimi. Atakayeingia akute kazi iko tayari." Hatukumbuki hata mara moja aliyofundisha kama mtu wa kupita. Wanafunzi wake leo ni wauguzi, mafundi, madereva, wahasibu. Mmoja anatengeneza saa, na amekataa katakata kuzigusa zile nne.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani, tarehe 19 Desemba 1992, kwa sababu ndiyo likizo pekee aliyokuwa na hakika nayo. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Nyumbani hapakuwa na makuu, lakini njaa ilitupita mbali, na hakuna aliyethubutu kuacha hesabu bila kuonyesha njia.

Mwezi Septemba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Mkataba wake haukuwa na likizo ya ugonjwa, hivyo alifundisha ameketi, akiwatuma watoto ubaoni mmoja mmoja, nao wakadhani ni mtindo mpya. Alilazwa Novemba. Desemba nzima hakuuliza habari za dawa, aliuliza, "Wamepiga?" Ijumaa tarehe 5 Januari 2024 mwalimu mkuu alipiga. Binti mkubwa wa marehemu alimshikia mama simu sikioni. "Mwalimu, tumekuongezea mwaka," sauti ikasema. Mama alitabasamu, tabasamu tulilolikosa kwa wiki nyingi, akajibu neno moja: "Narudi." Alifariki dunia alfajiri ya kesho yake, akiwa mwajiriwa.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Yule mtoto wa mwaka 1990, ambaye naye ni wa mkataba, aliingia darasa la nne na kukuta daftari la masomo ya muhula, tulilolitoa kitandani kwake hospitalini, limeandaliwa hadi wiki ya mwisho. Mwalimu mkuu alipomuuliza kama atalichukua darasa, alisema, "Hapana, Mwalimu. Nalishikilia tu. Lina mwenyewe."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, kaka wawili, darasa la nne lote, na walimu wa mkataba ambao hadi leo hawajui Januari ijayo watakuwa wapi. Mama, tumekuaga mara nyingi na mara zote ulirudi, hata kulia tulishazoea kulia kidogo. Leo tunalia kwa jumla. Na saa hatukukuletea.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Hapo ulipo hakuna wa kukuondoa.